UZI MAALUMU: Kombe la Dunia la Kriketi T20, Juni 2024. Uganda wako Guyana, tunaokesha tukutane hapa

Mzee wa Wiketi (Dar es Salaam), 4 Juni, asubuhi

Wakuu, heshima kwenu.

Najua jukwaa hili ni la Simba na Yanga, na uzi huu unaweza kukaa wiki nzima na wachangiaji wawili, mimi na mimi. Sijali. Usiku nimeamka, nimejifunika shuka hadi kichwani ili mwanga wa simu usimwamshe mama watoto, nikaangalia Uganda wakicheza mechi yao ya kwanza kabisa ya Kombe la Dunia. Dhidi ya Afghanistan.

Kwenye T20 kila timu inapata ova ishirini, ova moja ni mipira sita. Afghanistan wamepiga mikimbio 183, yaani alama 183. Gurbaz 76, Zadran 70, wale wawili tu wa kufungua. Uganda wakaingia. Yule mrushaji wa mkono wa kushoto, Farooqi, ova ya kwanza tu kashaondoa watu wawili. Amemaliza na wiketi tano, yaani katoa watu watano, kwa mikimbio 9 tu. Uganda wote nje kwa 58.

Nimezima simu, nimelala chali naangalia dari. Nimeumia kama vile walikuwa ni sisi.

Kwa wasiofuatilia: Novemba mwaka jana kule Windhoek timu saba za Afrika ziligombea nafasi mbili. Tanzania tulikuwepo, Kenya, Rwanda, Nigeria, wote. Namibia akachukua moja. Ya pili kila mtu alishamwandikia Zimbabwe, Uganda akampiga kwa wiketi tano, yaani kabakiza watu watano, na tiketi ikaenda Kampala. Kwa hiyo anayetaka kucheka 58 aniambie kwanza yeye alikuwa Guyana ama alikuwa kitandani.

Simba wa Temeke (Dar), 4 Juni

Mkuu, mchezo wa watu kusimama uwanjani wanasubiri chai nao una uzi maalumu? Mods mpo?

Mgeni Njia (Morogoro), 4 Juni

Samahani wakuu, mimi sijui chochote kuhusu huu mchezo. 183 kwa 58 ni kipigo cha kiasi gani? Nikilinganisha na mpira.

Mzee wa Wiketi, 4 Juni

Mgeni, wewe ni shabiki wa timu gani?

Mgeni Njia, 4 Juni

Mnyama.

Mzee wa Wiketi, 4 Juni

Basi ni kama ile tano moja ya Yanga, Novemba.

Mgeni Njia, 4 Juni

Nimeelewa kabisa. Naomba tuendelee na mada nyingine.

Nalubaale256 (Kampala), 4 Juni

Asante ssebo kwa kutufungulia uzi. Kiswahili changu mtanisamehe, nilikiokota Nairobi.

Huku leo hakuna mtu anaongea. Kwenye taksi dereva aliweka redio, mtangazaji alipofika kwa kriketi dereva akabadilisha stesheni. Lakini mimi nangoja PNG, Papua New Guinea. Kundi letu lina Afghanistan, West Indies, New Zealand na PNG. Hao watatu tulijua. Mechi yetu ni ya PNG tu. Ile tukipoteza, hapo ndio nitalia.

Bwana wa Mutrah (Maskati), 4 Juni

Assalaam aleikum jamaa. Nyie mnalia na 58, njooni Maskati mle sumu pamoja na sie.

Oman na Namibia juzi, kule Barbados. Mrushaji wao Trumpelmann mipira miwili ya mwanzo ya mechi, wiketi mbili. Tukatolewa wote kwa 109. Namibia nao wakawa wanajivuta, ova ya mwisho wanataka mikimbio mitano tu. Mehran Khan kaizuia! Mpira wa mwisho kabisa, mlinda wiketi wetu ana mpira mkononi, akilenga vijiti tumeshinda. Kakosa. Wakapata mmoja, 109 kwa 109.

Supa ova. Ova moja moja ya kuamua. Wiese wa Namibia, mtu mzima yule, kapiga yeye, kisha karusha yeye. Ishirini na moja kwa kumi. Mie nilikuwa kwa kaka yangu, shemeji kaleta kahawa, hapana aliyeigusa. Ikapoa pale pale.

Jirani wa Gymkhana (Nairobi), 4 Juni

Nimesoma kimya kimya, sasa wacha niongee kama mzee.

Mimi nilikuwa uwanjani, Nairobi Gymkhana, 24 Februari 2003, siku Kenya ilipopiga Sri Lanka. Sisi 210, wao 157. Collins Obuya alichukua tano kwa 24. Kila alipoangusha mtu, jamaa mmoja nyuma yangu alikuwa ananipiga mgongo kwa kofia yake, na mpaka mechi inaisha kofia ilikuwa imebaki nyuzi. Wachezaji walizunguka uwanja mzima na sisi nje ya kamba tunakimbia nao. Mwezi uliofuata tulikuwa nusu fainali Durban na India.

Leo kijana wangu wa miaka kumi na tisa hajui Steve Tikolo, nahodha wetu wa 2003, ni nani. Nilimwambia, akauliza kama ni MP.

Kwa hiyo ndugu zangu wa Uganda, hiyo 58 isiwaue. Kuna kitu kingine kinachoua, nitakuja kuwaambia.

Nalubaale256, 6 Juni, saa kumi na moja na nusu alfajiri

BANANGE

Nalubaale256, 6 Juni

TUMESHINDA

Mzee wa Wiketi, 6 Juni

Mama watoto ameamka. Sikuweza. Nimepiga kelele.

Kwa waliolala, mchezo ulikwenda hivi. PNG wametolewa wote kwa 77. Na hapo ndipo nataka mnyamaze kidogo, kwa sababu kuna mzee anaitwa Frank Nsubuga. Ana miaka 43, hakuna mchezaji mkubwa kwa umri kumzidi katika mashindano yote haya. Karusha ova zake nne. Ova nne ni mipira ishirini na nne, Mgeni. Katika hiyo yote katoa mikimbio minne. MINNE. Na wiketi mbili juu yake. Ova mbili kati ya hizo hakutoa hata mmoja. Harushi kwa nguvu, anatembea hatua chache tu kama mtu anayefuata chenji dukani, anauachia mpira, na yule kijana wa PNG anabaki anauangalia.

78 ni kidogo, mtasema. Uganda wakafika 26 wameshapoteza watano! Nikaanza kusali dua za safari. Riazat Ali Shah akakaa. Alikaa tu, mipira zaidi ya hamsini, mikimbio 33, hapigi madoido, moja, moja, anazuia. Alipotoka ilikuwa imebaki kidogo sana. Wiketi tatu mkononi, ova ya kumi na tisa, imeisha.

Ushindi wa kwanza wa Uganda Kombe la Dunia. Leo naenda kazini sijalala na simwambii mtu kwa nini natabasamu.

Mgeni Njia, 6 Juni

Mzee wa miaka 43 kweli? Kwetu huyo angekuwa kocha wa makipa.

Nimeangalia vipande vyake asubuhi. Bado sijaelewa wiketi ni ile miti au ni yule mtu anayetoka, ila nimempenda huyo mzee.

Mzee wa Wiketi, 6 Juni

Ni vyote viwili. Ile miti mitatu ni wiketi, na mtu akitolewa tunasema wiketi imeanguka. Ukianza kuuliza kwa nini, utazeeka.

Nalubaale256, 6 Juni

Dereva wa taksi leo hajabadilisha stesheni.

Na mjue Juma Miyagi, yule kijana anayerusha kwa kasi, ametoka Naguru. Anayejua Kampala anajua Naguru ile ya mabati ikoje. Leo watoto wa kule wanarusha mipira ya tenisi ukutani, nimepita nikawaona kwa macho.

Dereva wa Dallas (Texas), 7 Juni

Wakenya na Watanzania wa nyumbani, mmeona nini kimetokea huku jana?

Nilikuwa Grand Prairie, uwanja wenyewe zamani ulikuwa wa besiboli. Sikununua tiketi kwa mapenzi ya kriketi, niliwapeleka abiria wanne wa Kipakistani, mmoja mwenzao hakutokea, wakaniambia ingia nasi bwana. Nikaingia. Kushoto kwangu Pakistan, kulia Pakistan, mbele Pakistan. Marekani tulikuwa mimi na mama mmoja mwenye mtoto aliyelala.

Pakistan 159. Marekani 159! Supa ova. Amir wa Pakistan akaanza kurusha mipira ya pembeni, inapita mbali na gongo, inahesabiwa bure, na wakati huo huo wanakimbia. Marekani 18. Halafu anayerusha upande wa Marekani ni Netravalkar, huyo mchana kweupe ni mhandisi wa programu za kompyuta pale Oracle. Pakistan 13.

Kurudi, abiria wangu wanne hawakusema neno njia nzima. Dakika arobaini. Mmoja akaomba nizime muziki na muziki ulikuwa umezimwa.

Bint Kisauni (Mombasa), 7 Juni

Dereva, Mungu anakuona.

Mie ni Pakistan tangu utoto, nimelelewa na babu aliyekuwa na duka Mwembe Tayari, ukutani pana picha ya Imran Khan na kombe la 1992 kando ya kalenda ya nyakati za sala. Jana babu nimemwambia mvua ilinyesha mechi ikavunjwa. Msinisute. Ana presha.

Jirani wa Gymkhana, 7 Juni

Dada Kisauni, Mombasa yenu ndiyo ilitupa Aasif Karim. 2003, Durban, dhidi ya Australia ile ya nahodha Ponting, mabingwa. Mtu alikuwa amestaafu, akarudishwa. Ova nane na ushee, mikimbio saba, wiketi tatu, moja ni ya Ponting mwenyewe. Tulishindwa ile mechi na ndiyo mechi watu wanaikumbuka.

Bint Kisauni, 7 Juni

Babu anamjua! Husema huyo tenisi pia aliichezea Kenya. Tafadhali usinitoe machozi mara mbili siku moja.

Mzee wa Wiketi, 9 Juni, asubuhi

39.

Sina la kuongeza. West Indies 173, Uganda wote nje kwa hizo 39. Akeal Hosein tano kwa 11. Ova kumi na mbili tu, watu wote wamekwisha. Ni sawa na alama ndogo kuliko zote katika historia ya Kombe la Dunia la T20, Uholanzi nao walipata 39 na Sri Lanka mwaka 2014. Aliyepata nyingi ni Miyagi, 13, na aliingia akiwa karibu wa mwisho.

Simba wa Temeke, 9 Juni

Thelathini na tisa hahahaha. Hiyo ni namba ya kiatu.

Nalubaale256, 9 Juni

Cheka tu kaka. Leo nina haki ya kunyamaza.

Mgeni Njia, 9 Juni

Simba wa Temeke, wewe umeangalia hata mpira mmoja? Mimi niliangalia. Huyo Hosein anarusha polepole kabisa, unasema hata mimi nitaupiga, unafika chini unageuka kama nyoka kaona fimbo. Acha kucheka usichokijua.

Mzee wa Wiketi, 9 Juni

Mgeni!! Umeangalia usiku?

Mgeni Njia, 9 Juni

Usiniulize.

Bint Kisauni, 10 Juni

India 119 wote nje. Pakistan wanataka 120 kwa ova ishirini. Mipira mia na ishirini! Mkimbio mmoja kila mpira! Bi harusi anaweza! Tumeishia 113.

Babu hii aliiona yote. Mvua sikuweza kuisema tena. Amekaa, akavua miwani, akaifuta, akasema, "Zima taa, umeme ghali."

Dereva wa Dallas, 10 Juni

Ule uwanja wa New York nao wauangalie. Waliutandika udongo ulioletwa kwa malori kutoka Florida, mpira mmoja unaruka kifuani, wa pili unateleza vifundoni. Sri Lanka walitolewa 77 pale pale na Afrika Kusini.

Bint Kisauni, 10 Juni

India walicheza kwenye udongo huo huo. Usinipoze.

Bwana wa Mutrah, 14 Juni

Simba wa Temeke, njoo ucheke na huku, usibague. Oman na England, Antigua. Tumetolewa wote kwa 47. England wakazifuta kwa ova tatu na mpira mmoja. Nilitoka kujaza maji kwenye birika, nikarudi wanapeana mikono.

Na nitasema jambo ambalo hapa Maskati watu husema kwa sauti ndogo. Timu yetu karibu yote ni vijana waliokuja kutoka Pakistan na India, wengi waliingia kwa kazi za ofisini, kriketi wakaicheza jioni. Mie ninawapenda na ninawashangilia. Lakini wanangu mie, waliozaliwa hapa na bibi yao wa Unguja, wanacheza mpira wa miguu tu. Uwanja wa Al Amerat mzuri, mwaka 2021 Kombe la Dunia lilianzia pale pale na tuliwapiga PNG bila kupoteza wiketi. Nilikuwepo na kijana wangu. Akaniuliza, "Baba, golikipa ni yupi?"

Jirani wa Gymkhana, 14 Juni

Bwana wa Mutrah umegusa pale pale nilipoahidi kurudi.

Kenya hatukuuawa na kipigo. 1996 tuliingia Kombe la Dunia wageni kabisa, tukampiga West Indies kule Pune, wao 93 wote nje, West Indies ya Lara! 2003 nusu fainali. Tuliuawa BAADA ya nusu fainali. Pesa zikaja, watu wakaanza kuzigombania, wachezaji wakagoma, 2004 nyota wetu Odumbe akafungiwa miaka mitano, na wale waliotupeleka Durban wakazeeka bila mtu nyuma yao. 2011 tulicheza mechi sita tukapoteza sita, ya kwanza New Zealand walitutoa kwa 69. 2014 tukapoteza hata hadhi ya kucheza mechi za kimataifa za siku moja. Hatujarudi.

Nsubuga ana 43. Nimefurahi naye kama ninyi. Lakini Nalubaale, niambie nani ana 17 huko.

Nalubaale256, 14 Juni

Mzee umeniuliza swali usiku wa mechi.

Wako. Wale wa Naguru na wenzao, shule zinacheza, wiki ya kriketi ya shule za wavulana ipo kila mwaka. Lakini viwanja ni vichache sana, na nyavu za mazoezi ukizikuta zimetoboka. Kijana anamaliza shule, gongo zuri ni bei ya pikipiki iliyochoka, basi anachukua pikipiki.

Mzee wa Wiketi, 15 Juni

Uganda 40, dhidi ya New Zealand. Safari hii walijitahidi kukaa, ova kumi na nane na zaidi, lakini kukaa bila mikimbio ni kama kukaa kituoni basi limeshapita. Southee ova nne, mikimbio minne, wiketi tatu. Uganda wamemaliza, wanarudi nyumbani na ushindi mmoja.

Na hao New Zealand waliowafunga nao wanarudi nyumbani, maana Afghanistan aliwatoa kwa 75. Na Pakistan nao wanarudi, jana Florida mechi ya Marekani na Ireland imefutwa kwa mvua, Marekani kapata pointi yake, kapita. Uganda na Pakistan wote uwanja wa ndege. Mwaka jana ungeniambia hivyo ningekupima homa.

Bint Kisauni, 15 Juni

Mvua. Babu ananiangalia tu. Anasema, "Siku ile ulinidanganya mvua, sasa imekuja kweli."

Jirani wa Gymkhana, 27 Juni

Wiki hii Nairobi mnajua hali ilivyo na haya maandamano, sina moyo wa mchezo. Lakini nusu fainali nimeiangalia alfajiri kwa sababu usingizi haukuwepo. Afghanistan, waliompiga New Zealand, wakampiga Australia, wakamtoa Bangladesh mvua ikinyesha, wametolewa wote na Afrika Kusini kwa 56. Nusu fainali! 56! Mbili pungufu ya zile walizowatoa nazo Uganda.

Nalubaale, umeiona hiyo?

Nalubaale256, 27 Juni

Nimeiona. Sikucheka. Poleni sana na huko, mzee, tunawaombea.

Mgeni Njia, 29 Juni, usiku

WAKUU. Hii mmeniponza.

Safari hii ilianza saa kumi na moja na nusu jioni, saa ya binadamu, nikawaita majirani wawili. Afrika Kusini ni SADC wenzetu kwa hiyo nilikuwa upande wao. Fainali yao ya kwanza. India 176. Klaasen wetu anapiga mpira unaenda kutafutwa barabarani! Mipira thelathini imebaki, mikimbio thelathini, watu sita mkononi. Nimeshawaambia majirani kombe linakuja Afrika, mmoja katuma hela ya soda.

Halafu yule Bumrah wa India akaja kurusha, mikimbio ikakauka. Klaasen akadakwa nyuma. Ova ya mwisho wanataka 16, Miller anaupiga wa kwanza, unakwenda, unakwenda, na huyo Suryakumar anaudaka ukingoni, anaona anatoka nje, anaurusha juu, anatoka, anarudi ndani anaudaka tena!!

Swali langu moja. Kamba ya mpaka aligusa au hakugusa? Maana kuna picha zinazunguka zinaonyesha ule mstari mweupe wa zamani na kamba imesogezwa nyuma.

Bint Kisauni, 29 Juni

Aligusa.

Bwana wa Mutrah, 29 Juni

Hakugusa. Mwamuzi kaangalia kwenye video.

Bint Kisauni, 29 Juni

Aligusa. Babu pia anasema aligusa.

Mzee wa Wiketi, 30 Juni

Kamba ilipo ndipo mpaka ulipo, mstari wa zamani hauhesabiki. Hakugusa. India wameshinda kwa saba, wakongwe wao Kohli na Rohit wote wameaga T20 za kimataifa usiku ule ule, na mimi naenda kulala usiku kwa mara ya kwanza mwezi huu.

Simba wa Temeke, 30 Juni

Aisee mimi nimeirudia hiyo video mara kumi. Kiatu cha kulia. Angalieni kiatu cha kulia, siyo cha kushoto.

Mgeni Njia, 30 Juni

Leta picha.